Kuruta wa polisi na sheria: yanayosemwa Mtwara na yalivyo

Msimu wa korosho ukifunguliwa, vituo vya polisi huku kwetu hujaa shauri la aina moja. Mtu alichukua laki mbili kabla hata hajapulizia salfa, akaahidi kulipa kwa magunia. Oktoba imefika, mnada wa kwanza umepita, magunia hayaonekani. Aliyetoa hela anakwenda kituoni na neno moja tu mdomoni: "Nimetapeliwa." Ndiyo mambo ya kangomba hayo, kumnunulia mkulima korosho mapema nje ya mnada. Na hapo kaunta, mara nyingi, anayempokea ni konstebo aliyetoka mafunzoni mwaka juzi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Nimekaa kwenye mabenchi ya vituo vya Tandahimba, Newala na Mtwara Vijijini kwa miaka kadhaa, na swali la kama askari wapya wanafundishwa sheria ya kutosha nalisikia karibu kila wiki. Majibu ya mtaani ni mengi, na mengi yanakosea.

"Hawafundishwi sheria, ni kwata na bunduki tu."

Wanafundishwa. Kuruta anayepita Shule ya Polisi Moshi husoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, husoma Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Husoma pia ule mwongozo wa ndani wa jeshi lao ambao wenyewe huuita PGO. Anayesema askari hajawahi kufungua kitabu cha sheria anamwonea.

Ila tazama muda. Mafunzo hayo huhesabiwa kwa miezi, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya gwaride, shabaha, ukakamavu na huduma ya kwanza. Mwanafunzi wa sheria chuo kikuu hukaa na sheria hizo hizo kwa miaka, tena hana bunduki mkononi wala mtu wa kumweka ndani. Norway, polisi husomea shahada ya miaka mitatu kabla ya kuajiriwa. Hatuwezi kujilinganisha nao kwa fedha, lakini siogopi kusema kwamba muda wetu hautoshi. Jambo linalonisumbua ni kwamba watu wakikubali hilo, hudhani wamemaliza maelezo yote.

"Sheria anayohitaji askari ni nyepesi: kukamata na kufungua jalada."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Rudi kwenye kangomba. Kutolipa deni si jinai. Ni madai, na mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba: udanganyifu unaoadhibiwa na Kanuni ya Adhabu ni uongo kuhusu jambo lililokwisha kuwapo au lililopo sasa. Ukinionyesha mikorosho ya jirani ukasema ni yako, ukachukua hela yangu, hilo ni kosa la jinai. Ukinionyesha mikorosho yako mwenyewe, ukaahidi magunia manne, kisha maua yakapukutika kwa ugonjwa wa ubwiriunga, umeshindwa kutimiza ahadi. Nikushtaki nikitaka, lakini polisi hawana sababu ya kukuweka ndani.

Nilimwona konstebo mmoja akiutambua mpaka huo vizuri. Kijana wa miaka ishirini na tatu hivi, kola bado ngumu kwa pasi. Mbele yake mzee aliyetoa hela, na pembeni mama aliyemfuata mwanawe aliyeletwa asubuhi na mgambo, sasa yuko mahabusu. Mzee anapiga meza. Konstebo akamuuliza taratibu:

"Mzee wangu, shamba alilokuonyesha ni la nani?"

"La kwake. La marehemu baba yake."

"Na mikorosho ipo?"

"Ipo, lakini haikuzaa."

"Basi hili, mzee, ni la mahakamani. Mimi hapa sina kosa la kumwandikia."

Kijana akatolewa. Mama yake hakusema kitu, alivuta khanga usoni akakaa chini sakafuni kwanza, kama mtu aliyeishiwa miguu. Maswali mawili tu yalimrudisha mtu nyumbani, na maswali hayo yanatoka darasani. Hayaji kwa busara peke yake. Kwenye kituo kingine, ambacho sitakitaja, nimeona deni kama hilo likimlaza mtu ndani siku tatu.

"Askari akikosea utaratibu, anayeumia ni mtuhumiwa tu."

Hapana, mara nyingi anayeumia ni aliyeibiwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapokuwa chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, na zipo taratibu za kuongeza saa hizo. Lakini ukiandika maelezo ya onyo, yaani yale ya mtuhumiwa mwenyewe baada ya kuonywa, nje ya muda bila kufuata taratibu, unacheza na kesi ya mtu. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa maelezo ya namna hiyo kwenye kesi zaidi ya moja, na kesi iliyoegemea hayo peke yake huanguka nayo.

Hali ni hiyo hiyo kwa vielelezo. Gunia la korosho linakutwa barazani kwa mtuhumiwa. Askari analitia kwenye pikipiki, analipeleka kituoni. Hakuandika hati ya kukamata mali, mwenye nyumba hakusaini, shahidi hakuitwa, na mlalamikaji hakuulizwa alama ya gunia lake kabla ya kuonyeshwa. Miezi sita baadaye wakili anasimama mahakamani na kuuliza gunia hili linatofautianaje na mengine elfu yaliyoko ghalani. Jibu hakuna. Mwizi anatoka akicheka, kijiji kinasema hakimu amehongwa, kumbe kesi ilikufa siku ile ile barazani kwa kukosa karatasi moja.

"Ukikamatwa Ijumaa, ni kawaida kukaa hadi Jumatatu."

Ni mazoea, na sheria haiyajui mazoea hayo. Polisi wakiona ndani ya saa 24 hawataweza kukufikisha mahakamani, wanapaswa kukupa dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji. Na dhamana ni bure. Maneno hayo yamebandikwa ukutani vituoni. Yasome kwa sauti ikibidi.

"Mauaji ya yule mfanyabiashara yalitokea kwa sababu askari hawajui sheria."

Hapa naomba tutulie. Januari 2022 mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea aliuawa mikononi mwa polisi hapa Mtwara, baada ya kufuatilia fedha zake zilizochukuliwa. Polisi saba walishtakiwa. Juni 2025 Mahakama Kuu hapa Mtwara iliwatia hatiani wawili na kuwahukumu adhabu ya kifo. Waliokuwa kizimbani si makuruta. Wengi walikuwa maofisa wenye nyota begani, akiwemo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, watu waliofanya kazi na sheria miaka mingi.

Kwa hiyo anayeniambia tuongeze miezi mitatu ya sheria pale Moshi na mambo kama yale yatakoma, namwambia anatafuta dawa kwenye duka lisilouza dawa hiyo. Ili ujue kwamba mtu hauawi kwa kudai hela yake, huhitaji kusoma Sura ya 20, ile ya mwenendo wa makosa ya jinai. Kilichokosekana pale ni usimamizi: nani anakagua kitabu cha mahabusu, nani anahesabu fedha zilizokamatwa, nani anaweza kumkatalia bosi wake. Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman mwaka 2023, iliundwa kuangalia matatizo ya taasisi nzima, na naona ndivyo ilivyopasa.

"Basi shida iko Moshi."

Shida kubwa naiona kwenye mwaka wa kwanza kituoni. Konstebo anafika na mambo yake ya darasani, siku ya pili mkongwe anamwambia, "Dogo, huku siyo Moshi." Kuanzia hapo anajifunza upya, na anachojifunza ni namna kituo kile kinavyofanya. Kituo kikiwa na mkuu anayesoma kila jalada na kuuliza "saa ngapi alikamatwa?", kijana anakuwa askari mzuri. Kikiwa na mkuu wa kupitisha tu, miezi yote ile inafutika kwa wiki chache.

Tena kuna suala la lugha. Sheria nyingi alizofundishwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na ni jambo la maana sana kwa askari wa kidato cha nne anayeandika maelezo ya mkulima wa Kitaya saa nane za usiku. Ningependa kila kaunta iwe na Sura ya 20 kwa Kiswahili, iliyochakaa kwa kushikwa. Ningependa pia waendesha mashtaka wa serikali wapite vituoni, hata mara moja kwa miezi mitatu, wakiwa na majalada ya kesi zilizoanguka, wawaonyeshe askari zilianguka wapi.

Yule konstebo wa mambo ya kangomba nilimkuta tena, zamu ya usiku, taa moja inawaka. Chini ya kitabu cha matukio alikuwa na daftari la jalada la kaki, mwandiko wake mwenyewe, alilotoka nalo Moshi. Nikamuuliza nani kamwambia alilete kazini. "Hakuna, mama. Nikisahau, nafungua." Akanionyesha ukurasa uliokuwa umelegea kabisa kwenye uzi. Juu yake kaandika kwa wino mwekundu: SAA NNE.