Wasiwasi ambao mashine ya presha haiuoni

Jirani yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, fundi cherehani, alipima presha mara tatu ndani ya wiki moja. Kila mara majibu yalikuwa mazuri, na kila mara alirudi haamini. Moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa jasho mpaka kitambaa kinateleza, usiku anagaagaa hadi adhana ya alfajiri. "Mashine yao mbovu ile, dada," akaniambia.

Mashine ilikuwa nzima. Kilichomshika ni wasiwasi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na msomaji wa Surat an-Nas analijua: ni ile minong'ono ya kifuani. Sijaona maelezo yanayoupita huo mfano.

Hofu huwa na kitu mbele yake, tuseme nyoka mlangoni. Wasiwasi hauna nyoka. Unawaza kwamba huenda yupo. Shida ni kwamba mwili hautofautishi. Ubongo ukishahisi hatari, adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaongeza kasi, damu inakimbilia misuli ya miguu na mikono ili ukimbie au upigane. Tumbo linaachwa kiporo, ndiyo maana linachafuka. Unapumua harakaharaka, kaboni dayoksaidi inapungua mwilini, vidole na midomo vinafanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Hapo mtu anajiambia, "Nakufa." Wazo hilo nalo linaleta adrenalini nyingine. Mshtuko wa namna hii hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka, ingawa aliye ndani yake huona kama saa nzima imepita.

Si kila wasiwasi ni ugonjwa. Mkulima wa Bahi au Chamwino aliyekwisha kupanda, kisha mvua ikakata Januari, ana kila sababu ya kutazama mawingu. Msimu huku kwetu ni mmoja tu. Wasiwasi huohuo ndio unaomfanya apande mtama na uwele badala ya kutegemea mahindi peke yake. Ila kama mvua imenyesha, ghala limejaa na bado halali, akimaliza kuwazia shamba anahamia ada, kisha afya, kisha simu ambayo haijapokelewa, hilo ni jambo lingine. Kwa wasiwasi huu unaohamahama, unaoitwa wasiwasi wa jumla, madaktari hutazama kama hali imedumu siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, haizuiliki na inavuruga kazi. Watatazama pia tezi ya shingo na upungufu wa damu, maana navyo hukimbiza moyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019. Sisi tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapahapa mjini, lakini jina hilo tumeligeuza tusi, basi mtu yuko radhi apime presha mara kumi kuliko kuonekana getini. Wakati tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, na dawa kwa wanaozihitaji, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Si Panadol.

Jirani alikwenda kituo cha afya safari ya nne. Daktari hakugusa mashine kwanza, alimwuliza, "Ilianza lini, mama?" Akafikiri. Ilianza wiki ile mwenye nyumba alipoleta watu wawili, wakaanza kupima kiwanja kwa hatua bila kusema neno.