Vidonge vya uzazi wa mpango haviharibu kizazi, ila vinaweza kuficha tatizo

Homoni za vidonge hazirundikani mwilini. Ndiyo maana humezwa kila siku: ukiacha, huisha ndani ya siku chache. Vidonge vyenye estrojeni na projestini huzuia ubongo kutuma homoni za kukomaza yai, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hadi mbegu zishindwe kupita. Homoni za vidonge zikiisha, ovari huamka. Kwa baadhi ya wanawake yai hupevuka wiki mbili tu baadaye, kabla hata ya hedhi ya kwanza, hivyo asiyetaka mimba aanze kinga nyingine siku ileile anayoacha.

Wengi huona hedhi ndani ya miezi 3, na takriban 8 kati ya 10 wanaotafuta mtoto hushika mimba ndani ya mwaka, sawa na wasiowahi kumeza. Hata miaka mingi ya matumizi haibadilishi hilo, kwa hiyo simshauri mtu yeyote "kupumzisha kizazi". Mapumziko hayo huleta mimba zisizopangwa. Dawa za "kusafisha" nazo hazina cha kusafisha. Inayochelewesha ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: uzazi unaweza kuchukua miezi 10 au zaidi kurejea tangu sindano ya mwisho.

Basi lawama kwamba vidonge huharibu kizazi zinatoka wapi? Zaidi kwenye damu ya wiki ya vidonge visivyo na homoni, vile vya mwisho wa pakiti. Ile si hedhi halisi. Hutoka kwa sababu homoni zimekatizwa, na haithibitishi kwamba yai limepevuka. Mwenye ovari zenye vifuko vingi, ambaye hedhi yake ilikuwa ikiruka miezi, huona damu kwa tarehe miaka yote anayomeza. Akiacha, mvurugiko wa zamani hurudi, naye hudhani vidonge ndivyo vimeuleta. Umri nao hausubiri: aliyeanza akiwa na miaka 26 na kuacha akiwa na 37 ana mayai ya miaka 37. Tena vidonge havizuii klamidia wala kisonono, magonjwa yanayoweza kuziba mirija kimyakimya.

Kabla ya kuanza, andika tarehe za hedhi zako za miezi kadhaa. Daktari atazihitaji baadaye. Ukipanga kuacha ili upate mtoto, anza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla, uendelee hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Hedhi isiporudi baada ya miezi 3, pima mimba kwanza, kisha muone daktari. Ikirudi lakini mimba haishiki, subiri mwaka mmoja ukiwa chini ya miaka 35, miezi 6 tu ukiwa umefika 35.