Uchovu sugu: "Daktari, mwili hauna nguvu"

Uchovu sugu ni ule usioisha hata ukilala. Madaktari wengi huuita hivyo ukishafika miezi 6. Si jina la ugonjwa bali dalili, kama homa ilivyo dalili, na kazi ya daktari ni kutafuta kinachouleta.

Kwetu kazi hiyo mara nyingi inarukwa. Mgonjwa anasema amechoka, anapelekwa maabara moja kwa moja: malaria, taifodi, UTI. Kipimo cha Widal kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyeugua taifodi zamani, basi anatibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka na uchovu wake uko palepale.

Mimi naona pa kuanzia ni neno lenyewe. "Nimechoka" ya anayesinzia kwenye daladala, na usiku anakoroma hadi mwenzake anamsukuma ageuke, inaelekeza kwenye pumzi inayokatika usingizini. Anayehema kwa kupanda ngazi chache, chanzo kitafute kwenye damu, moyo au mapafu. Yupo pia ambaye misuli haina tatizo ila hana hamu ya chochote, hata ya kuoga. Huyo huenda ana sonona, na sonona haionekani kwenye hadubini. Kiu na safari za chooni usiku ni kisukari mpaka kipimo kikatae. Anayejifunika khanga wenzake wakijipepea, apimwe tezi ya shingo. Kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku na nguo kupwaya, hapo apimwe makohozi, kutafuta kifua kikuu, na VVU bila kusubiri. Na dawa anazomeza zitazamwe: propranolol ya presha huchosha, za aleji hulaza.

Tuseme aliyekaa mbele yako ni mama wa miaka 38. Unamvuta chini kope la jicho: ndani pamepauka. Unamuuliza kuhusu hedhi, anasema "kawaida". Usikubali hiyo kawaida. Uliza pedi ngapi kwa siku, kama kuna mabonge, kama usiku analazimika kuamka kubadilisha. Muulize pia, bila kucheka, kama anakula udongo. Wengi watatabasamu kwanza, halafu watakubali.

Picha kamili ya damu inarudi: hemoglobini, yaani kiwango cha damu, ni 8.4 g/dL, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Chembe nyekundu ni ndogo na zimepauka, kwa hiyo madini ya chuma ndiyo yanayoshukiwa kupungua. Wengi huishia hapo, wanaandika vidonge vya kuongeza damu. Lakini damu imekwenda wapi? Kama ni uvimbe kwenye kizazi au minyoo ya safura, itapanda kwa vidonge, kisha itashuka tena.

Kwa mwanaume wa miaka 60 swali hilo ni zito zaidi, maana yeye hana hedhi ya kusingizia. Chuma kikipungua kwake, tumbo lichunguzwe: vidonda, dawa za maumivu za diklofenaki za kila siku kwa ajili ya magoti, au saratani ya utumbo mpana. Muulize kama choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Muulize kabla hajaanza vidonge vya chuma, kwa sababu navyo hukifanya choo kuwa cheusi, na baada ya hapo jibu lake halikusaidii sana.