Fahari, kiburi na ile "i" ya kujivunia

Mtu akikwambia "unajivuna", amekusema vibaya. Akikwambia "tunajivunia wewe", amekuvika taji. Kilichoongezeka ni sauti moja tu, ile "i" ya kutendea. Kujivuna hakuhitaji mwingine, mtu hujijaza mwenyewe akatosheka. Kujivunia sharti kuwe na wa kujivuniwa: mtoto aliyefaulu, kijiji kilichochimba kisima chake, lugha ya mama.

Kiswahili hakikuweka hisia hii ndani ya neno moja, na sioni kama ni upungufu. Fahari ndiyo ya heshima. Neno lilitoka Kiarabu, wala halina undugu na fahali, dume la ng'ombe, ingawa wengi huandika "fahari wawili hawakai zizi moja" na methali ikaeleweka vilevile. Tukisema harusi ya kifahari au gari la kifahari, tayari neno limeteleza kuelekea anasa. Kiburi ni kutoambilika, na aliyevaa viraka anaweza kuwa nacho tele. Maringo yako mwilini, kwenye shingo na mwendo, na kwa mrembo husamehewa. Majivuno yako mdomoni, ndiyo maana yakaitiwa debe tupu.

Hata hivyo jamii zetu hazikumkataza mtu kujisifu kabisa, zilimtengea ukumbi. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaujua utanzu wa majigambo, au vivugo. Kwa Wahaya wa Kagera, mwanamume alisimama mbele ya watu, mkuki mkononi, akajitaja kwa majina ya sifa na kuhesabu matendo yake vitani. Hapo hakuna aliyemwita mjivuni. Waliokuwa wakimsikiliza walimfahamu, na aliyejisifia vita asivyopigana alikuwa anajitafutia aibu mchana kweupe.

Mjini kazi hiyo imerithiwa na tambo za mpira. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na tangu hapo mtu mzima mwenye adabu zake zote hugeuka kasuku wiki ya dabi. Tambo hailei kiburi, maana inamhitaji mtani wa kuijibu. Jumatatu atakuja ofisini, na kama ulifungwa, utakaa kimya umsikilize.

Kwenye siasa mambo ni mazito zaidi, kwa sababu huko fahari ilizaliwa kama jibu la dharau. Mwaka 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Julius Nyerere alisema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, ulete "heshima ambapo palijaa dharau". Hakusema fahari, alisema heshima. Aliyedharauliwa miaka mingi haombi kwanza kusifiwa, anaomba kuhesabiwa mtu. Mwenge uliwashwa kileleni Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru.

Kenya nako, miaka ya 2000, serikali ilisambaza kaulimbiu "Najivunia kuwa Mkenya". Ilikuwa na ile "i" yake sawasawa. Zikaja vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wakaulizana makabila, na maneno yale yakawa magumu kutamka. Fahari ya kwetu hugeuka ukabila pale inaposhindwa kusimama bila kumshusha wa kwao.

Kwa kawaida tunadhani taifa hujivunia medali. Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wengi wameondoka. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Tanzania bado inajivunia yule aliyeshika mkia.