Aliyelaaniwa ni Kanaani, someni tena

Nafundisha Biblia kwa wainjilisti na wazee wa kanisa hapa Kigoma, na kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena nitafunga daftari niondoke. Juzi imetoka msibani, Ujiji. Umeme ulikatika katikati ya ibada, spika zikazima, na mzee mmoja wa heshima zake akatikisa kichwa: "Tutafanyaje, ngozi hii ililaaniwa tangu Nuhu." Watu wakacheka kidogo, wakaitikia, hakuna aliyebisha. Nimeisikia kwa bodaboda, kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na kwa binti aliyeambiwa atoe sadaka ya "kukata mnyororo wa Hamu", yule mwana wa Nuhu, ili apate mchumba. Basi leo nitakaa na hiyo. Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

Dhana: Sisi weusi ni uzao wa Hamu aliyelaaniwa, ndiyo maana tuko hivi

Fungua Mwanzo 9. Usirukie mstari wa 25. Anzia wa 18, soma kwa sauti mpaka wa 27. (Ushauri wangu ni huohuo kwa kila andiko: soma kwa sauti, anzia nyuma kidogo, na usitishwe na vile vichwa vya herufi nene. Viliwekwa na wachapaji, si Musa.) Nuhu amepanda mizabibu, amelewa, amelala uchi hemani. Hamu anaona, anatoka nje kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanaingia kinyumenyume na nguo, wanamfunika baba yao. Nuhu anazinduka kwenye pombe zake na kutamka: "Na alaaniwe Kanaani, Atakuwa mtumwa kabisa kwa ndugu zake."

Kanaani. Hamu hakutajwa kwenye laana ile. Kanaani ni mtoto wake, na hatuambiwi popote kwenye kisa hicho kwamba mtoto huyo alifanya kosa gani. Tena anayelaani ni Nuhu. Mungu hasemi neno hapo. Alipozungumza mwanzoni mwa sura hiyohiyo, mstari wa kwanza, aliwabariki Nuhu na wanawe wote, Hamu akiwemo.

Yule mzee nilimkalisha baada ya mazishi tukasoma kwa Biblia yake mwenyewe, yenye jalada jeusi lililoshikwa na solotepu. Alifuata kwa kidole. Kilipofika mstari wa 25 kikasimama, kikarudi wa 24, kikaja tena wa 25. "Hapa wamekosea kuchapa," akaniambia. Tukaazima Biblia ya mfiwa. Kanaani vilevile.

Sura ya 10 inawataja watoto wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Ukitaka kututafuta kwenye orodha hiyo, wa karibu nasi ni Kushi, nchi ya Wanubi kusini mwa Misri, naye hakulaaniwa hata kwa nusu mstari. Kanaani naye amewekewa mipaka yake katika mstari wa 19: kutoka Sidoni mpaka Gaza, kuelekea Sodoma na Gomora. Hapo hakuna Kasulu wala Urambo. (Na msinigeuzie andiko hilo liwe silaha dhidi ya Wapalestina wa leo. Linasimulia uhasama wa Waisraeli wa kale na majirani zao.) Rangi ya ngozi, ambayo ndiyo mahubiri yote yamejengwa juu yake, haimo kabisa katika kisa hicho. Inapotokea kwingineko haina aibu. Miriamu alipomsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, Hesabu 12, aliyepigwa ugonjwa akawa mweupe kama theluji alikuwa Miriamu. Aliyemwokoa Yeremia kule shimoni ni Ebedmeleki, Mkushi.

Basi dhana hii imetoka wapi? Wafafanuzi wa zamani, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, walikuwapo waliocheza nayo. Ila iliyoipa nguvu ni biashara. Mwandishi wa mfalme wa Ureno, Zurara, aliitumia katika karne ya 15 kueleza kwa nini Waafrika walioshushwa melini wawe watumwa, na katika karne ya 19 wahubiri wa kusini mwa Marekani waliitwanga kila Jumapili mbele ya wenye mashamba ya pamba. Waliokataa nao walikuwapo. Majirani zangu Waislamu wa Ujiji huwa wanafurahi nikiwaambia kwamba Ibn Khaldun, karne ya 14, aliikejeli na kusema weusi unatokana na hali ya hewa ya joto, na kwamba Ahmad Baba, mwanachuoni wa Timbuktu, aliipinga mwanzoni mwa karne ya 17. Sisi Wakristo wa karne ya 21 tunaiitikia msibani.

Sasa sehemu ambayo wanafunzi wangu hawaijui, nayo imepita mlangoni kwetu. Mwaka 1798 Wafaransa waliivamia Misri, na wasomi wa Ulaya wakarudi wakiwa wameduwaa kwa mapiramidi. Hapo pakawa na tatizo: Misri ni mtoto wa Hamu, na Hamu walikwisha kumfanya baba wa watumwa. Wangeweza kuitupa ile laana. Wao wakambadilisha Hamu rangi. "Wahamu" wakawa watu weupe-weupe, wafugaji waliotoka kaskazini, na kila kitu kizuri kilichoonekana Afrika wakapewa wao. Speke, mpelelezi Mwingereza aliyepita Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, na kufika Ujiji pamoja na Burton mwezi Februari 1858 kwa njia ileile ya misafara ya pembe na watumwa, aliandika kitabu mwaka 1863 akidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitoka Ethiopia. Wajerumani na Wabelgiji wakaichukua hiyo, na baadhi ya wamisionari nao wakaifundisha. Kule Rwanda Askofu Léon Classe aliwatetea Watutsi kama watawala wa kuzaliwa. Jina lililotumika kumtia mtu mnyororo sasa likatumika kumpa mwingine kiti.

Kiti hicho kikaja kuwa mashtaka. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea kwenye mito mpaka Ziwa Victoria.

Sisemi kila vita vya majirani zetu vimezaliwa na Mwanzo 9. Ardhi, madaraka na ukoloni vina fungu lao, na ni kubwa. Lakini mkoa huu umewapokea Warundi wa 1972, wa 1993 na wa 2015. Kambi za wakimbizi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu si majina ya redioni kwetu. Mtu wa Kigoma akisema kwa mzaha kwamba kabila fulani ni la kutawala na fulani ni la kulima kwa sababu ya Nuhu, simchekei.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dhana hii inawaachia huru wenye makosa. Kigoma tuliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kutufikia. Yalikuwa maamuzi ya watu, yana tarehe na sahihi. Ukisema ni laana, huna tena wa kumuuliza. Na wako waliogundua kwamba laana isiyokuwepo ndiyo biashara bora, maana haiishi kuvunjwa: leo mafuta, kesho maji, kesho kutwa sadaka ya kufunga mwaka. Yule binti nilimwambia asitoe hata shilingi. Akaniuliza, "Na kama ipo kweli, mchungaji?" Nikamfungulia Wagalatia 3:13, Kristo alitukomboa katika laana, nikamuuliza kama pale kuna bei. Alicheka. Alitoa au hakutoa, sijui.

Dhana: Ukristo ni dini ya wazungu

Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia ya leo, alibatizwa karne ya 4. Perpetua na Felista waliuawa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, nchi inayoitwa leo Algeria. Wakati huo Waingereza wengi bado walikuwa wakiabudu miungu yao. Kwa huku kwetu, ni kweli wamisionari wa Ulaya ndio waliofika: Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Tabora 1878 na Ujiji 1879, tena kwa njia ya misafara ya watumwa, na bendera za wakoloni hazikukawia nyuma yao. Silifichi hilo. Lakini mwulize mtu wa Karema anayekumbuka habari za wazee, atakutajia Adrien Atiman: mtoto aliyeuzwa utumwani huko upande wa Timbuktu, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 akiwa katekista na tabibu, na akatibu watu wa ziwa letu hili la Tanganyika mpaka alipofariki 1956. Mwafrika alimletea Mwafrika Injili na dawa. Huyo hatumuoni kwenye kalenda za ukutani.

Dhana: Yesu alikuwa kama kwenye picha

Picha ile ya nywele za kahawia zilizolainika, iliyopo sebule nyingi za Tabora na Kigoma, ilichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940. Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, seremala wa nchi ya jua. Si lazima uishushe. Acha tu kumwambia mtoto kwamba ndivyo alivyokuwa.

Dhana: Ngoma na jina la nyumbani ni upagani

Papa Paulo VI alisema Kampala mwaka 1969 kwamba Waafrika wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 inakataza tu jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Haisemi lazima uitwe Winfrida. Na kinanda cha umeme hakikushuka na Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste. Tuendelee.

Dhana: Maria Magdalena alikuwa kahaba, na mwanamke anyamaze kanisani

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinatoka kinywa kimoja. Hakuna Injili inayomwita Maria Magdalena kahaba. Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba na kwamba alikuwa kati ya wanawake waliomhudumia Yesu na wenzake kwa mali zao. Mwenye dhambi wa Luka 7 ni mwanamke mwingine, asiye na jina. Aliyewachanganya hadharani ni Papa Gregori wa Kwanza katika mahubiri yake ya mwaka 591. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake iwe sikukuu sawa na ya mitume, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kuwapasha mitume habari za ufufuo.

Kuhusu kunyamaza: anayekutajia 1 Wakorintho 14 mwombe arudi nyuma sura tatu. Katika 11:5 Paulo anaeleza mwanamke avae nini anaposali na kutoa unabii mbele ya watu. Huwezi kumpangia mavazi ya kuhutubu mtu uliyemkataza kufungua mdomo. Kisha asome Warumi 16, amkute Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Yunia, ambaye Yohane Krisostomo, askofu wa kale na mtu asiyejulikana kwa kuwapendelea wanawake, alimsifu kuwa mtume. Wanateolojia wanawake wa Kiafrika wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana walianzisha umoja wao Accra mwaka 1989, na wameandika haya yote kwa kirefu. Wainjilisti wangu wengi hawajasikia hata jina lake. Lakini michango ya bati ya akina mama wanaijua mpaka senti.

Dhana: Kanisa lihubiri mbingu, uchumi na siasa liwaachie wenyewe

Mwaka 1982 kule Ottawa, Muungano wa Makanisa ya Reformed Duniani ulitangaza kwamba kuutetea ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini kwa Biblia ni uzushi, na makanisa mawili ya makaburu yakasimamishwa uanachama. Ile kampeni ya kufuta madeni ya nchi maskini ilichukua jina lake, Yubile, kutoka Walawi 25, na Tanzania ilipata msamaha mkubwa mwishoni mwa 2001. Kwa hiyo limekwisha kuingia, tena kwa mistari.

Halafu kuna wanaojibu, "Yesu mwenyewe alisema maskini mnao siku zote." Alikuwa akinukuu Kumbukumbu la Torati 15:11. Malizieni mstari: kwa sababu hawataisha, ndipo unaamriwa kumfungulia mkono ndugu yako. Sura hiyohiyo inaanza kwa kufuta madeni kila mwaka wa saba.

Na kama bado wataka andiko la mtaani, chukua Nehemia 5. Watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wale, wamekopa kulipa kodi ya mfalme, na binti zao wamekwisha kuingia utumwani. Wakopeshaji si wageni. Ni ndugu zao, wakuu wanaosali pamoja nao. Nehemia hakuitisha maombi ya kuvunja laana. Aliitisha mkutano mkubwa, akawasema wakuu mbele ya watu, akawataka warudishe mashamba siku ileile pamoja na riba, kisha akawaita makuhani akawaapisha. Ukiwa na vikundi vya akina mama walioburuzwa na mikopo ya kausha damu hapo kanisani, somo lako la Jumapili ijayo ni hilo, na mwandae karatasi ya hesabu: nani anadaiwa, na nani, kiasi gani, na nani kati ya wadai anakaa benchi la mbele. Riba aliyoitaja Nehemia ilikuwa sehemu moja ya mia.