Madaktari wa Macho Waliosoma Wakati wa Korona: Ufafanuzi kwa Umma

Mwaka 2024, Siku ya Macho Duniani na Siku ya Afya ya Akili Duniani ziliangukia tarehe moja, 10 Oktoba, na kaulimbiu ya siku ya akili ilihusu mahali pa kazi. Tangu kampeni hiyo, dawati letu la ustawi wa madaktari wanaosomea ubingwa linapokea maswali kutoka kwa wananchi wa Kenya, na mengi yanarudi palepale: "Huyu atakayenipasua jicho si ni wale wa korona?" Wanadhani madaktari hao walisomea yote mtandaoni, na baadhi ya wagonjwa wameahirisha upasuaji kwa sababu hiyo tu.

Hakuna aliyefuzu kwa Zoom. Mihadhara ilihamia mtandaoni, kweli, lakini upasuaji wa mtoto wa jicho haufundishwi kwenye skrini. Kila anayesomea ubingwa ana daftari lake la upasuaji. Kila jicho linaandikwa: ametazama, amesaidia, au amefanya mwenyewe, kisha msimamizi anatia sahihi. Safu hizo tatu hazibadilishani, na kutazama mara nyingi hakuhesabiwi kuwa kufanya. Aliyepungukiwa aliongezewa muda. Tumelieleza hili mara nyingi.

Kuongezewa muda huko ndiko kulikowaumiza wengi. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa 13 Machi 2020. Kwa kuwa mtoto wa jicho hauui, upasuaji wake ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimamishwa. Kambi za macho za mashinani, ambako mwanafunzi hukutana na wagonjwa wengi kwa siku moja, zilisimama pia. Sasa mkono wa daktari wa macho hujengwa kwa kurudia. Chukua hatua ya kuchana kwa duara utando wa mbele wa lenzi: macho yako kwenye hadubini, mguu kwenye pedali, na utando ukichanika kuelekea pembeni, kazi yote inakuwa ngumu. Waliofanyia mazoezi macho ya mbuzi kutoka kichinjioni walijitahidi, ila utando wa mbuzi si wa binadamu, na mbuzi huyo hana familia inayosubiri nje. Waliporudi chumba cha upasuaji, mvuke wa barakoa ukitanda kwenye vioo vya hadubini, wapo ambao mikono ilianza kutetemeka. Wengine waliacha kulala.

Hofu ya kuambukizwa nayo ilikuwepo. Li Wenliang, aliyewatahadharisha wenzake kule Wuhan na kufariki 7 Februari 2020, alikuwa daktari wa macho, na inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho asiyeonyesha dalili. Kile kifaa cha mkononi cha kutazamia ndani ya jicho humsogeza daktari karibu shavu kwa shavu na mgonjwa. Lakini hofu hiyo ilipungua chanjo zilipokuja. Karo ya muhula wa ziada haikupungua, na wengi hujilipia. Nchini India, utafiti wa 2020 uliohusisha madaktari wa macho na wanafunzi 2,355 ulikuta karibu theluthi yao wana dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Sioni sababu ya kudhani wetu walikuwa wa chuma.

Wengi walinyamaza, na hapa sheria ina mchango wake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, adhabu ikiwa hadi miaka miwili jela, faini, au vyote viwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakinzana na Katiba. Kabla ya hapo, nani angejisalimisha kwa mshauri nasaha huku akihofia polisi na leseni yake?

Utaratibu wetu ni huu. Mwanafunzi anakuja mwenyewe, bila barua ya mkuu wa idara. Faili lake halichanganywi na faili la masomo. Likizo ya ugonjwa ikihitajika, idara inaarifiwa tarehe tu, si sababu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti: Kamishna wa Data anaweza kutoza taasisi faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho cha chini kati ya viwili hivyo. Makosa yasiyo na adhabu mahususi katika sheria hiyo yanaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 3, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Hili linawahusu pia wahudumu wanaosambaza habari za wenzao kwenye makundi ya WhatsApp.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza nani atampasua, nani atamsimamia, na iwapo daktari amesajiliwa. Sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, iko mtandaoni. Akiuliza kama daktari huyo amewahi kutibiwa sonona, hatutamjibu.