Watu hawakusimama, kwa hiyo shughuli imebuma?

Kamati nyingine ikiniambia "MC, sisi tunachotaka ni watu wasimame," nitaongeza bei. Nasherehesha harusi, mahafali na uzinduzi wa albamu za kwaya hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na ombi hili limeshakuwa wimbo wa taifa. Majuzi katibu mmoja kaniletea ratiba ambayo, kati ya keki na zawadi za wazazi, ilikuwa na mstari wa kalamu nyekundu: "Saa 3:40 usiku, ukumbi kusimama na kupiga makofi, dakika 2." Nikamuuliza, na wasiposimama? Akanijibu, "Basi itakuwa imebuma."

Dhana yenyewe ndiyo hiyo: aliyesimama ameguswa, aliyekaa amechoka. Si kweli. Shika maiki mbele ya watu utaona mambo yanavyokwenda. Wanaanza wawili watatu wa mbele, mara nyingi mashangazi wa bibi harusi. Wa mstari wa pili wakishindwa kuona jukwaa, wananyanyuka ili waone. Wa tatu wanasimama kwa sababu wa pili wamesimama. Yule baba wa meza ya mwisho, kule karibu na mlango wa jikoni, anainuka na paja la kuku mkononi kwa sababu anaona aibu kubaki peke yake. Na mgeni rasmi akisimama ndiyo kabisa, ukumbi mzima juu. Hapo watu wanafuata itifaki, wimbo hata hawakuusikia.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walitoa utafiti kuhusu makundi ya wanafunzi waliosikiliza wenzao wakiwasilisha mada. Waligundua kuwa makofi huambukizana kama mafua: mtu huanza kupiga akisikia wengine wameanza, na huacha wengine wakiacha. Mada nzuri na mada ya kawaida zingeweza kupigiwa makofi kwa muda uleule, au hata ya kawaida ikapigiwa zaidi. Basi dakika mbili za katibu wangu zinapima nini?

Wajanja waliligundua hili zamani. Kaisari Nero wa Roma alikuwa na vijana zaidi ya 5,000 wa kumshangilia akiimba, waliofunzwa mitindo ya makofi iliyotoka Aleksandria. Paris ya karne ya 19 ilikuwa na washangiliaji wa kulipwa kwenye opera: wa kuanzisha makofi, wa kucheka mahali pa kucheka, na akina mama wa kulia na leso. Kama ni kusimama tu, kunanunulika.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa tuna vipimo vyetu, tena vikali kuliko hivyo. Chukua mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna kiti wala kadi ya mwaliko. Upande huu wakitoa chatu, upande wa pili unaanza kupukutika na mchezaji anaona kwa macho yake watazamaji wakimpa mgongo. Nenda Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, ujionee. Waganga wa ngoma walikuwa na dawa ya kuvuta watu; ya kuwasimamisha hawakuihitaji, watu wamesimama tangu asubuhi.

Hata ukumbini bado tunavyo. Kuna vigelegele, na kuna kutunza. Mama anatoka kitini, anacheza taratibu hadi mbele, anambandika mwimbaji noti ya elfu kumi kwenye paji la uso lenye jasho, anarudi kinyumenyume bila kukosa hatua. Halafu unaniambia ukumbi ulipooza kwa kuwa hakuna aliyesimama kupiga makofi?

Ushauri wangu, nao siuachi: wimbo ukiisha, MC anyamaze. Anayerukia "makofi tafadhaliii!" kabla sauti ya mwisho haijazama amewanyang'anya watu nafasi ya kuonyesha walichohisi. DJ naye atoe mkono kwenye mashine. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kama kuna kitu, kitakuja chenyewe.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

"Ukimya maana yake hawajapenda." Mjane akimaliza kumzungumzia marehemu mumewe, ulitaka wapige miluzi? Uache ukimya ule.

"Kupiga makofi katikati ya muziki ni ushamba." Hii naisikia kwa walimu wa kwaya waliosoma. Mwaka 1778 mtunzi Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, kwa furaha, kwamba watu walipiga makofi simfonia yake (muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa) ikiwa katikati, pale pale alipotega. Mwaka 1813 wasikilizaji wa Vienna walitaka sehemu ya pili ya simfonia ya saba ya Beethoven irudiwe papo hapo. Desturi ya kujizuia hadi mwisho ilishika mizizi baadaye.

"Haleluya ya Handel lazima tusimame, maana mfalme alisimama." Inasemekana ni George II, London, 1743. Hakuna maandishi ya mtu aliyekuwepo usiku ule yanayolitaja jambo hilo. Linajitokeza kwenye barua ya mwaka 1780. Simama ukipenda, desturi si mbaya. Ila usimkaripie bibi mwenye magoti mabovu aliyebaki kwenye benchi Jumapili ya Pasaka.

"Viziwi hawapigiwi makofi, hawasikii." Wanapigiwa, kwa macho: inua mikono juu, tikisa viganja hewani. Kwenye mahafali yenye wanafunzi viziwi mimi huwafundisha wazazi kabla ya maandamano kuingia, na nusu dakika inatosha. Mkalimani wa lugha ya alama naye apewe mahali penye mwanga. Msimfiche nyuma ya spika.